Mayai ya Bata Yataka Majuma Matano

Kumwatamisha kuku sote twakujua. Ni kazi tuliyoiona kwa mama zetu tangu tulipokuwa watoto: kikapu, nyasi kavu, mayai kumi, kuku koo juu yake, na baada ya majuma matatu vifaranga wanalia uani. Lakini mayai ya bata ni shauri jingine kabisa. Mimi nililijua jambo hilo kwa hasara, hapa Kashaulili, mjini Mpanda, na leo nawasimulia ili hasara yangu iwe faida kwenu.

Mwaka ule binti yetu mkubwa alikuwa darasa la saba. Tulitumaini kwamba atachaguliwa kwenda sekondari, na pengine itakuwa shule ya bweni. Ni kweli, ada haitozwi. Lakini godoro, ndoo, sanduku, sare, na nauli ya kumfikisha huko, vyote hivyo havianguki kutoka mbinguni. Mwezi wa Mei jirani yetu akaniuzia mayai sita ya bata kwa bei ndogo. Mimi sikuwa na bata hata mmoja, ila nilikuwa na kuku wangu aliyekwisha kuanza kuatamia mayai yake manne siku ileile. Basi nikayachanganya yote kumi chini yake, nikafurahi moyoni. Nilijiambia, bata wanaanza kukua leo, na mwisho wa mwaka nitakuwa na kitu cha kuuza.

Jumapili ya tatu vifaranga wanne wa kuku wakatoka. Siku ya pili yake mama yao akawaongoza nje kuparua taka, wala hakurudi tena kiotani. Nami nikasubiri siku moja, nikasubiri mbili. Mayai ya bata yakawa baridi kama mawe ya mtoni. Nikamwita bibi mmoja jirani yetu, ambaye amefuga bata miaka mingi.

"Shikamoo, bibi. Mayai haya jirani yangu ameniuzia viza."

"Marahaba, mwanangu. Lete moja tulione."

Akalipasua polepole juu ya jani la mgomba. Ndani mlikuwa na kifaranga wa bata, ana macho, ana miguu, ana mdomo wake mpana, na manyoya yameanza kumwota. Alikuwa amekufa kwa baridi.

"Mayai yalikuwa mema," bibi akaniambia. "Wewe umemhesabia bata siku za kuku."

Tukayapasua yote sita. Matano yalikuwa na vifaranga. Siku ile sikula vizuri.

HESABU YA SIKU

Basi jambo la kwanza ni hesabu. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21. Mayai ya bata yana hesabu mbili, maana bata wetu ni wa namna mbili, na watu wengi hawatambui hivyo.

Namna ya kwanza ni bata mwenye uso laini, anayepiga kelele nyingi. Huyu ni wa ukoo wa bata-mwitu wa nchi za kaskazini, na yai lake hutaka siku 28. Namna ya pili ni yule mwenye nyama nyekundu yenye vinundu usoni, mzito, asiyepiga kelele bali hupumua kwa sauti ya kufoka. Huyu asili yake ni Amerika, nchi za kusini na za kati, ambako wenyeji walimfuga hata kabla ya Wazungu kufika. Yai lake hutaka siku 35 hivi, moja au mbili zikipungua au kuzidi. Huyu ndiye tunayemwona mara nyingi katika nyua za vijijini. Namna hizi mbili zikipandana, watoto wao huweza kukua wakanona, lakini wao wenyewe hawazai. Kwa hiyo anayetaka mbegu asizichanganye.

Sasa angalieni jinsi hesabu hii ilivyo nyepesi kwetu tunaohesabu majuma kwa Jumapili. Ukiweka mayai Jumapili, kuku ataangua Jumapili ya tatu. Bata wa uso laini Jumapili ya nne. Bata wa nyama nyekundu Jumapili ya tano. Chukua kalenda ya ukutani, tia alama siku uliyoweka, kisha tia alama siku ya kutoka. Ningalifanya hivyo mwezi wa Mei, nisingalipoteza vifaranga watano.

Tena, usichanganye mayai ya kuku na ya bata chini ya mama mmoja. Wengine husema, anza na ya bata, kisha majuma mawili baadaye ongeza ya kuku, ili yatoke pamoja. Hesabu hiyo ni sawa, lakini mayai hayo hayatunzwi sawa, kama nitakavyoeleza. Afadhali kila namna iwe na kiota chake.

YAI LA NAMNA GANI?

Mayai ya kuatamiwa yawe mapya. Yasizidi siku saba tangu kutagwa. Yakikaa zaidi, uhai hupungua ndani yake siku kwa siku. Wakati unapoyakusanya, yaweke mahali pa baridi penye kivuli, kama vile ndani ya chungu chenye mchanga kilichokaa sakafuni, ncha nyembamba ikielekea chini, na uyageuze kidogo kila siku. Usiyaweke juu ya kabati karibu na bati, maana mchana joto la bati huanza kuyaamsha, na usiku baridi huyaua.

Watu huniuliza mara nyingi juu ya mayai madogo. Bata jike anapoanza kutaga, mayai yake ya kwanza huwa madogo kuliko yatakayofuata. Hayo yapikwe yaive sawasawa, watoto wale. Mengi katika hayo hayana mbegu, na kifaranga anayetoka katika yai dogo mno huwa dhaifu. Ngoja majuma machache mpaka mayai yafikie ukubwa wa kawaida wa bata yule. Lakini usilipime yai la bata mwenye umbo dogo kwa yai la bata mkubwa. Kama yeye mwenyewe ni mdogo wa asili, na mayai yake yote yanalingana, hayo ndiyo mayai yake, nayo yanafaa. Yai la kuogopwa ni lile lililo dogo kuliko ndugu zake, au kubwa mno kuliko wao, au lenye ganda la kukwaruza, au lenye ufa.

Kadhalika yawe safi. Bata hupenda matope, na hutaga popote palipo na unyevu. Mwekee nyasi kavu mahali pake pa kutagia, na uyaokote mapema asubuhi. Yai lililopakaa kinyesi huingiza uchafu ndani kupitia vitundu vya ganda, likaoza chini ya mama na kuharibu mengine. Na kila mara ushikapo mayai au kinyesi cha bata, nawa mikono kwa sabuni.

Dume mmoja atosha kwa majike wanne au watano. Pasipo dume hakuna mbegu, hata ukiatamisha mwaka mzima.

Neno moja kwa wavulana. Mkiokota mayai ya bata-mwitu kando ya mito na mabwawa, msiyalete nyumbani. Ndege wa Hifadhi ya Katavi wanalindwa kwa sheria, na hao wa nje nao waachieni viota vyao.

MAMA WA KUATAMIA

Mwenye bata jike na amwache aatamie mwenyewe. Yule wa nyama nyekundu ni mama hodari sana, naye huweza kufunika mayai 12 hata 15. Lakini asiye na bata, au atakaye bata wake aendelee kutaga, humtumia kuku.

Chagua kuku mpole, mwenye mwili mkubwa, aliyekwisha kuangua zamani. Awe ameanza kuatamia sasa hivi. Kuku aliyekwisha kukaa majuma mawili juu ya mayai mengine amechoka, hawezi kuongeza matano. Kuku wetu wa kienyeji mpe mayai matano au sita ya bata, basi. Yai la bata ni zito na kubwa kuliko lake, na lile linalotokeza nje ya mbawa hupoa usiku. Mweke usiku, penye giza, naye hatashtuka.

Kiota kiwe chini, juu ya udongo. Chimba kishimo cha kina kidogo, tia udongo wenye unyevu kidogo, kisha nyasi kavu juu yake. Nyunyiza majivu pembeni kwa ajili ya utitiri, maana kuku aliwaye na utitiri hukimbia mayai. Funika mahali hapo vizuri usiku, nyoka na kicheche wasiingie.

Majuma matano ni mengi kwa kuku. Mwekee mahindi na maji karibu, umtoe mara moja kila siku ale, anywe, ajisaidie nje ya kiota. Dakika kumi na tano si neno. Akikonda mno, na kuku mwingine akaanza kuatamia, wabadilishe usiku. Na baada ya kazi hiyo mwache apumzike, usimpe mayai mengine mara moja.

MAJI NA KUGEUZA

Sasa nafika kwenye jambo ambalo mimi sikulidhani. Bata jike akiondoka kiotani huenda kula, na akipata maji huoga, kisha hurudi na manyoya yenye maji, akayalalia mayai yake. Kila siku anayapa unyevu bila kufundishwa na mtu. Kuku haogi kwa maji, huoga mavumbini. Yai la bata chini ya kuku hukaukiwa, na ngozi iliyo ndani ya ganda hukakamaa kama karatasi, hata kifaranga hawezi kuipasua.

Huku kwetu Mpanda mvua ni za msimu mmoja, tangu Novemba hivi mpaka Aprili. Kuanzia Mei mpaka Oktoba hewa ni kavu, midomo yetu wenyewe hupasuka. Basi wakati wa kiangazi, tangu juma la pili, kuku anapotoka kula, chovya vidole katika maji ya uvuguvugu safi, uyanyunyizie mayai kidogo. Yasilowe yakatiririka, yapate umande tu. Wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu, punguza au acha kabisa, kwa sababu maji yakizidi kifaranga huvimba ndani na kukosa nafasi ya kupumua.

Tena yai la bata ni zito, na kuku mwingine hawezi kuligeuza. Lisipogeuzwa, kiinitete hushikamana na ganda na kufa. Chukua kalamu ya risasi, andika alama ya msalaba upande mmoja na duara upande wa pili. Kila siku yageuze asubuhi, adhuhuri na jioni. Siku tatu za mwisho acha kugeuza, maana kifaranga amekwisha kuelekeza kichwa chake mahali pa kutokea.

KUMULIKA YAI

Siku ya nane hata ya kumi, usiku, yamulike mayai kwa tochi katika chumba chenye giza. Hata tochi ya simu yafaa. Weka taa kwenye ncha nene ya yai, uzibe mwanga wa pembeni kwa vidole. Ukiona mishipa myekundu kama mizizi ya mti, na doa jeusi katikati, yai lina uhai. Ukiona mwanga mtupu, halina mbegu. Ukiona duara la damu lisilo na mizizi, alikuwamo naye amekufa. Hayo mawili ya mwisho yaondoe, kwa kuwa yai viza likipasuka chini ya mama, uvundo wake huharibu kiota kizima.

Kwenye ncha nene utaona pia nafasi ya hewa. Kila juma huongezeka. Ikiwa ndogo sana katika juma la nne, unatia maji mengi. Ikiwa imekuwa kubwa mno mapema, yai linakauka, ongeza unyevu.

USIMSAIDIE UPESI

Mwezi wa Juni nilijaribu tena, mayai matano chini ya kuku mwingine. Safari hii nilihesabu vema, lakini maji sikuyajua bado. Siku ya 34 mayai matatu yakatobolewa. Nikangoja toka asubuhi mpaka jioni, tundu ni lilelile. Nikawaonea huruma, nikaanza kubandua ganda kwa ukucha. Damu ikatoka. Wawili wakafa mkononi mwangu, na wa tatu akaishi siku mbili.

Bibi akanieleza. Kifaranga wa bata akitoboa ganda, hatoki mara moja. Hupumzika. Damu iliyo katika mishipa ya ngozi ya yai huingia mwilini mwake, na kiini cha yai huingia tumboni kuwa chakula chake cha kwanza. Kazi hiyo huweza kuchukua siku nzima, mara nyingine hata siku mbili. Anayembandua kabla ya wakati humtoa na mishipa yake ingali na damu. Wakati huo usimwinue mama kila saa kuchungulia. Mwache. Kama mayai yaligeuzwa vema na kupata unyevu wake, wengi watatoka wenyewe.

WAKIISHA KUTOKA

Siku ya kwanza hawana haja ya kula, kiini chawatosha. Kisha uwape chakula laini kilicholowekwa, kama vile pumba za mahindi na dagaa waliotwangwa, na mboga za majani zilizokatwa ndogo. Bata mdogo akikosa dagaa na majani miguu yake hulegea na kupinda. Maji ya kunywa yawe ya kina cha kuzamisha mdomo na pua tu. Usiwatie bwawani majuma ya mwanzo. Bata jike huwapaka watoto wake mafuta ya manyoya yake, lakini kuku hana mafuta ya namna hiyo ya kuwapa, nao hulowa wakapigwa na baridi.

Jambo hili lishikeni sana: msiwape karanga au mahindi yaliyoota ukungu. Bata mdogo huuawa na sumu ya ukungu upesi kuliko karibu ndege wote wa kufugwa. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na bata wadogo pia, na watu hawakujua ugonjwa gani. Wataalamu walipotafuta, wakaona ni mashudu ya karanga zenye ukungu waliyolishwa. Sumu ile ndiyo inayoitwa aflatoksini, nayo hudhuru hata wanadamu. Kwa hiyo kisichofaa kwa bata, kisiingie chunguni kwetu.

NA MASHINE JE?

Siku hizi wapo wenye mashine za kutotolesha, za umeme. Ni nzuri kwa mwenye mayai mengi na umeme wa hakika. Yenye feni hutunzwa kwenye joto la nyuzi 37 na nusu za sentigredi, na bakuli la maji ndani yake. Tangu juma la pili mayai ya bata yapoozwe dakika 10 hivi kila siku na kunyunyiziwa maji, kama vile mama angalitoka kuoga. Umeme ukikatika usiku, funga mashine, ifunike blanketi, usifungue kuchungulia. Lakini mwenye mayai sita asikope fedha kununua mashine. Kuku wake ni mashine tosha.

Wala werevu huu haukuanza na umeme. Aristotle wa Ugiriki, zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, aliandika kwamba huko Misri mayai yalifukiwa katika samadi yakaanguliwa kwa joto lake. Baadaye Wamisri walijenga matanuru makubwa ya matofali ya udongo kwa kazi hiyo. Huko China na Ufilipino watu wameangua mayai ya bata kwa pumba za mpunga zilizopashwa moto, wakiyapanga ndani ya vikapu virefu. Mayai yaliyokwisha kukua hutoa joto lake yenyewe, likasaidia yale mapya. Fundi wao hana kipimo, hugusisha yai kwenye kope la jicho lililofumbwa akajua kama joto latosha. Mpunga twalima sisi pia, lakini kazi ile hutaka miaka ya kujifunza, na mtu kuamka usiku mara nyingi.

Mwisho wa mwezi wa Julai nilijaribu mara ya tatu. Mayai sita, kuku mmoja, alama kwenye kalenda, bakuli la maji ya uvuguvugu, na mikono yangu niliifunga. Jumapili ya tano tuliporudi kutoka kanisani, watano walikuwa chini ya mbawa, wakavu na wa manjano. Mmoja alichukuliwa na mwewe mwezi wa Oktoba. Wanne wakakua. Karibu na Noeli nikauza madume wawili, na fedha ile ikanunua godoro na ndoo. Nauli baba yake aliitafuta. Binti akaenda shuleni Januari.

Majike wawili nikawabakiza. Sasa wao huatamia wenyewe, nami kazi yangu ni kuwawekea beseni la maji karibu na kiota, na kuhesabu Jumapili. Bibi akipita huniuliza, "Imebaki mingapi, mwanangu?" Nami humwonyesha kalenda.